Sauti ya Mama Katika Mkanda wa Harusi

Tuseme bwana na bibi wa Ndhiwa walifunga ndoa mwaka 1994. Katika mkanda wao wa video, mama yake bibi anawabariki. Mama huyo amekwisha kufariki, na sauti yake haipatikani kwingine. Bwana asema, "Tuuhamishe kwenye simu, kisha tuutupe." Bibi akataa, na nyumba yaingia ubaridi. Nani ana haki?

Bwana ameona vema kwamba kukawia ni hatari. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Deki zilizosalia zinachakaa, na joto na unyevu huharibu mikanda. Mkanda ulioota ukungu usiuchezeshe. Fundi ausafishe kwanza.

Lakini bibi naye ana haki. Faili ya MP4 ya kwenye simu hubanwa: sehemu ya picha na sauti hutupwa ili iwe nyepesi. Ikitumwa kwa WhatsApp, mara nyingi hubanwa tena na kufifia zaidi. Yafaa kwa kutazama, si kuwa nakala pekee.

Basi mwombeni fundi faili mbili. Ya kwanza ni ya kuhifadhi. Aina iitwayo FFV1 ni bora, kwa kuwa hubana picha bila kupoteza kitu. Asipoweza, DV yatosha: saa moja huchukua kama gigabaiti 13, hivyo mkanda wa saa tatu ni kama 39. Faili ya pili iwe MP4, ya kutazama na kuwagawia watoto.

Faili ya kuhifadhi iwekeni katika diski mbili, moja nyumbani, nyingine kwa ndugu aliye mbali, labda Kisumu. Zifungueni kila mwaka mhakikishe zinacheza. Mkanda wenyewe msiutupe; usimamisheni mahali pakavu, penye kivuli.

Bwana, kilicho kaseti kuukuu kwako, kwa mwenzako ni mama yake. Bibi, kuutunza mkanda kabatini bila kuunakili si kuuokoa. Amueni pamoja.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
1. Ni sauti ya nani iliyo katika mikanda yetu?
2. Ni upi tuanze nao mwezi huu?
3. Nani atatunza diski ya pili?