Dondoo muhimu: Kuunda na kupaka rangi vigari vya modeli

Kigari cha kipimo cha 1/24, kama vile cha kampuni ya Tamiya ya Japani, huharibiwa na rangi mara nyingi kuliko gundi. Osha vipande kwanza kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana vinaweza kutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Bodi ipulizie praima. Ikikauka, isugue taratibu kwa msasa wa maji, namba 1000 au zaidi. Chini ya nyekundu au njano praima iwe nyeupe. Ya kijivu huzifubaza.

Soma herufi za kopo la rangi. Kwa Tamiya, TS ni ya plastiki ngumu ya modeli. PS ni ya bodi za polikaboneti za magari ya rimoti, nayo huila plastiki yako. Pulizia ukiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye bodi, anza kabla ya bodi na umalizie nje yake, makoti mepesi matatu. Koti moja zito hutiririka, na haraka hiyo utailipa kwa msasa. Mvua za masika zikitanda Tanga au Mombasa, ahirisha: unyevu huipa rangi hii ya laka ukungu mweupe.

Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, kamwe si supaglu, ambayo mvuke wake huvifubaza. Penye kromu, kwangua panapogusana kabla ya kugundisha.

Pulizia penye hewa, ukivaa barakoa yenye vichujio vya kaboni. Ya kitambaa haizuii mvuke.