KUFUNIKA USO WA PIKAPU KWA SAFARI YA NCHI ZA BARIDI

Kila Jumapili soko la Kibuye mjini Kisumu hujaa watu na mali. Viazi na kabichi zinazouzwa pale nyingi hazikuota kando ya Ziwa, bali hutoka nchi za juu, pande za Molo na Mau, zikateremshwa kwa lori na pikapu. Mwenye pikapu huondoka Kisumu jioni na shehena ya omena au nguo za mitumba, hulala Molo, na alfajiri hupakia viazi awahi wanunuzi. Safari ni moja, lakini hewa ni mbili. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto lake mara nyingi hufika digrii 30. Molo iko karibu mita 2,500, na alfajiri joto lake huweza kushuka chini ya digrii 10.

Kwa ajili ya baridi hiyo madereva wengine hukata kadibodi au gunia wakaliweka mbele ya rejeta ili injini ipate moto upesi. Je, wafanya vema au vibaya? Jibu ni kwamba kifuniko ni chombo kizuri mahali pake, lakini mahali pasipo pake huweza kuua injini. Kabla ya kukata turubai, yampasa mtu ajue kwanza kazi ya kitu kinachofunikwa.

KAZI YA REJETA NA THAMOSTATI

Injini ikichoma petroli au dizeli hutoa joto jingi kuliko linalohitajiwa. Maji huzunguka ndani yake, hulichukua joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta, na huko upepo hulipoza. Kati ya injini na rejeta kuna mlango mdogo uitwao thamostati. Ndani yake mna nta. Maji yakiwa baridi, mlango hufungwa, nayo maji huzunguka ndani ya injini tu mpaka ipate moto. Maji yakifika joto lililowekwa, kwa motokaa nyingi kati ya digrii 80 na 90, nta hutanuka na mlango hufunguka.

Ni dhahiri basi kwamba injini yenye thamostati nzima hujipasha moto yenyewe, hata alfajiri ya Molo. Baridi ya Molo si kama ile ya Kanada, ambako joto huweza kushuka digrii 30 chini ya sifuri, na ambako vifuniko vya rejeta huuzwa madukani kwa ajili ya majira hayo. Lori za zamani za Ulaya nazo zilikuwa na pazia mbele ya rejeta, ambalo dereva alilipandisha au kulishusha kwa kamba au mnyororo.

Kwa nini basi sindano ya kipimo cha joto hubaki chini katika pikapu nyingine? Mara nyingi ni kwa sababu thamostati haimo. Gari lilichemka siku moja katika jua la Kisumu, fundi akaing'oa akidhani ndiyo adui, na gari likatulia kwa muda. Lakini kutulia kule si kupona. Labda rejeta ilikuwa imezibwa na kutu au na wadudu wa ziwani, wale warukao kama moshi juu ya maji, au mkanda wa feni ulikuwa umelegea. Ugonjwa ulibaki, na wa pili ukaongezwa.

HASARA YA INJINI BARIDI

Injini ikienda siku zote bila kupata moto, mafuta hayaungui sawasawa. Petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda, na vyuma husagana. Mvuke wa maji huingia katika oili na kuifanya tope. Mafuta ya safari huzidi, wala mwenye gari hajui fedha zake zaenda wapi.

Hata hivyo, hasara ya kufunika ovyo ni ya haraka zaidi. Chukua mfano wa kijana aliyekabidhiwa pikapu ya babaye. Alfajiri afunga kadibodi Molo, apakia viazi na kuteremka. Kwa kuwa aenda mteremko, injini haifanyi kazi kubwa, na sindano yatulia. Kijana asahau. Afika nchi tambarare ya Ahero saa tano, jua kali, mzigo mzito, na kadibodi ingali mbele. Maji yachemka, kichwa cha injini chapindika, viazi vyakaa njiani. Kadibodi isiyo na bei yaweza kula faida ya mwaka mzima na karo ya wadogo zake.

KUPIMA THAMOSTATI

Hii ndiyo kazi ya kwanza, na haihitaji mashine. Injini ikiwa imepoa kabisa, fundi aitoe thamostati na kusoma namba ya digrii iliyopigwa juu yake. Aining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto, kisha apashe maji moto polepole. Ikianza kufunguka karibu na namba yake, ni nzima. Ikikaa imefungwa au imefunguka siku zote, inunuliwe nyingine ya namba ile ile. Ikumbukwe kwamba maji ya sufuria huchemka karibu na digrii 96 mjini Kisumu, na karibu na 92 Molo, kwa sababu ya urefu wa nchi. Kwa hiyo mfuniko wa rejeta nao lazima uwe mzima, maana ndio unaozuia shinikizo ndani ili maji yasichemke mapema.

KUSHONA NA KUFUNGA KIFUNIKO

Ikiwa thamostati ni nzima, na dereva bado aona haja ya kifuniko kwa alfajiri za juu, na akifanye hivi:

1. Apime uso wa gari na kukata turubai gumu. Gunia na nailoni nyepesi hazifai, kwa kuwa huraruka na kuvutwa na feni.

2. Akate dirisha katikati, mbele ya feni, lisilopungua theluthi moja ya eneo lote, wala asilizibe kamwe. Dirisha likiwa upande mmoja, feni hupata upepo usio sawa.

3. Ashone pindo, atie vijicho vya chuma, na kufunga kwa mikanda nje ya wavu wa mbele. Kitu chochote kisiwekwe kati ya rejeta na feni, wala waya usifungwe kwenye mapezi ya rejeta.

4. Aache wazi taa na bamba la namba. Pikapu nyingi za dizeli zenye tabo zina rejeta nyingine ya kupoza hewa, na nyingi za siku hizi zina ya kiyoyozi. Hizi nazo huhitaji upepo, na yafaa kitabu cha gari kisomwe kwanza.

KULITUMIA TURUBAI

Kifuniko kifungwe penye baridi tu, na kiondolewe mara sindano ifikapo mahali pake pa kawaida. Kisitumiwe kamwe wakati wa kupanda na mzigo, kama vile kutoka Awasi kwenda Kericho, maana hapo injini hutoa joto lake lote. Anayeteremka na akiondoe kabla ya kufika nchi ya joto. Ili asisahau, afunge kitambaa chekundu kwenye usukani saa ile ile afungapo turubai, asikifungue mpaka turubai liwe ndani ya gari.

Ikitokea sindano ikapanda, asimame kando ya barabara na kuzima injini. Asifungue mfuniko wa rejeta ungali moto, kwa kuwa maji yaliyoshinikizwa huruka na kuunguza uso na mikono. Angoje mpaka gari lipoe, ndipo aongeze maji kidogo kidogo.

Arudipo Kibuye, aioshe rejeta kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili wadudu na mbegu za majani zitoke zilikoingilia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni lazima kwanza ufa wenyewe ujulikane. Katika pikapu nyingi ufa si uso ulio wazi, bali ni thamostati iliyotupwa. Mwenye gari aliyeirudisha mahali pake huenda asihitaji turubai kabisa. Na anayelihitaji, atalifunga kwa kujua, na kulifungua kwa wakati.