Kibarua akianguka ghorofani, nani atamweleza hakimu sababu?

IJUMAA ya Machi 29, 2013 asubuhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji la Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Wengi wetu tunaikumbuka siku ile. Msiba unapokuwa mkubwa kiasi kile, wataalamu hawahitaji kutafutwa. Wahandisi huitwa, zege hupimwa, nondo huhesabiwa na michoro huombwa.

Leo tunataka kuuzungumzia msiba ule mwingine, usioandikwa magazetini. Saidia fundi mmoja amepanda jukwaa la mirunda ghorofa ya tatu, jukwaa limefyatuka, ameanguka na kuvunjika uti wa mgongo. Wenzake wamempakia kwenye gari, amepelekwa hospitali na fomu ya polisi, ile PF3, imejazwa. Siku ya tatu nyapara amekuja na bahasha ya pole. Siku ya nne mirunda ile ile imefungwa upya upande wa pili wa jengo, na kazi inaendelea.

Miezi minane baadaye familia inakwenda kwa wakili. Hapo ndipo linapokuja suala la shahidi mtaalamu, na ndipo wengi wanapogundua kuwa kesi yao ilikwisha zamani, siku ile mirunda ilipohamishwa.

Tuanze na kanuni yenyewe. Shahidi wa kawaida huieleza mahakama alichokiona au kukisikia. Hatakiwi kutoa maoni. Yule fundi mwenzake anaweza kusema, “nilimuona akianguka na mbao ikamfuata”. Akisema “mkandarasi alikuwa mzembe”, wakili wa upande wa pili atasimama kupinga, na atakuwa na haki. Ila Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 imeacha mlango kwa mambo ya sayansi na ufundi, ambayo hakimu hawezi kuyajua kwa akili yake tu. Katika mambo hayo maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu yanapokelewa. Waliosoma fiqhi watakumbuka ahlul-khibra, yule tabibu au fundi ambaye kadhi humwita akadirie jeraha au kasoro ya jengo. Jambo ni lile lile.

Hapa pana nukta inayopuuzwa. Sheria haikusema lazima mtaalamu awe na shahada. Ujuzi unaotokana na mafunzo au uzoefu nao unahesabika. Fundi aliyefunga majukwaa kwa miaka ishirini anaweza kuwa na la kusema kuhusu jukwaa kuliko mhandisi aliyekaa ofisini. Kwa uwezo wa zege kubeba uzito, hapana shaka utamtaka mhandisi aliyesajiliwa. Kwa uti wa mgongo utamtaka daktari bingwa wa mifupa au wa mishipa ya fahamu.

Lakini mtaalamu anatoa maoni juu ya nini? Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Maoni ya mtaalamu ni kama ghorofa ya juu; ya chini ikikosekana hayasimami. Mhandisi akija mahakamani na kusema tu kwamba “jukwaa halikuwa salama”, ataulizwa: uliliona? Mirunda ilikuwa na unene gani? Ilifungwa kwa kamba au misumari? Mbao za kukanyagia zilikuwa ngapi, na ukingo wa kuzuia mtu asianguke ulikuwepo? Kama majibu yake yote ni “niliambiwa na familia”, hakimu atamshukuru kwa kufika na kuyaweka maoni yake pembeni. Mwingine, pengine mwenye cheti kidogo kuliko yeye, akiwa na picha sita zilizopigwa siku ile ile, vipimo, na kipande cha kamba kilichokatika, atasikilizwa.

Kwa hiyo anayeijenga kesi ya kibarua si mhandisi wa mahakamani. Ni yule mwenzake mwenye simu mfukoni, anayepiga picha kabla jukwaa halijaguswa, akaandika majina ya waliokuwepo na kuhakikisha taarifa imefika kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Mwajiri anabanwa na sheria kuitoa taarifa hiyo, lakini tusijidanganye kuwa kila mwajiri huitoa.

Kuna dhana nyingine ya hatari, kwamba mwenye mtaalamu mkubwa ndiye mshindi. Mahakama haifungwi na maoni ya mtaalamu. Mfano unaotajwa sana katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza ni kesi ya Davie iliyoamuliwa Scotland mwaka 1953. Mwenye nyumba alidai kuwa baruti zilizotumika kuchimba mtaro wa maji machafu wa jiji la Edinburgh ziliharibu nyumba yake. Wadaiwa walileta mtaalamu wa baruti, wakadai kuwa kwa kuwa hakupingwa na mtaalamu mwingine, basi jaji hana budi kumkubali. Majaji walikataa. Walisema kazi ya mtaalamu ni kumpa jaji vipimo vya kielimu ili apime mwenyewe. Hukumu inabaki kuwa yake. Hilo linamfaa mnyonge, maana mkandarasi tajiri anaweza kuleta maprofesa watatu.

Tukumbushane pia kwamba si kila jeraha linahitaji kesi. Kwa Tanzania Bara upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Huko mjeruhiwa hatakiwi kuthibitisha uzembe wa mtu. Anatakiwa kuthibitisha kuwa aliumia kazini, na ripoti ya daktari juu ya kiwango cha ulemavu ndiyo yenye uzito. Madai yasipite miezi 12. Kesi mahakamani inabaki na nafasi hasa pale mdaiwa asipokuwa mwajiri: mpita njia aliyeangukiwa na tofali, au kibarua aliyeumizwa na uzembe wa mkandarasi mwingine katika eneo hilo hilo. Kesi ya namna hiyo ina miaka mitatu, na gharama za matibabu huthibitishwa kwa risiti, si kwa kukadiria.

Watakuwepo watakaosema hiyo ni kadari yake, kwa nini tufukue? Kadari tunaiamini. Lakini sijaona ilikoandikwa kwamba kuiamini ni kuusamehe msumari uliooza kwa niaba ya mtu aliyelala kitandani, ambaye hata hakuulizwa.

Na kabla hatujawanyooshea kidole makandarasi, tujitazame. Misikiti na madrasa zetu nyingi zinajengwa kwa vibarua wa siku, wanaolipwa jioni bila jina lao kuandikwa popote. Akianguka mmoja kutoka kwenye mnara, kamati itaonesha daftari gani kuwa siku hiyo alikuwa kazini?