Malta na Watoto: Siku Moja, Jambo Moja

Ukiitazama Malta kwenye ramani utadhani siku tatu zinatosha kuimaliza. Kisiwa kikuu kina urefu wa kilomita 27 hivi na upana wa kilomita 14, Gozo ni kidogo zaidi, na Comino kilicho katikati ni jabali lenye vichaka, hakina hata magari. Udogo huo ndio unaowaponza wazazi. Wanapanga mahekalu asubuhi, mji wa kale mchana na ufukwe jioni, na kufikia siku ya tatu watoto wameungua jua, wanalia njia nzima, na baba na mama hawasemezani. Ushauri wangu mkubwa ni huu: siku moja, jambo moja. Asubuhi nendeni mahali pamoja, jua likipanda rudini mkalale, jioni mteremke baharini. Kwa mpango huo udogo wa kisiwa unakuwa faida, maana hamhami hoteli na hakuna safari ya gari inayozidi saa moja na kidogo.

Kwanza mwezi wa kwenda. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 karibu kila siku, mawe meupe ya chokaa yanarudisha mwanga machoni, vivuli ni vichache na fukwe zimejaa. Familia za Kenya zenye likizo ya Agosti zijue hivyo mapema na zichague malazi yenye kiyoyozi na bwawa. Walio na watoto katika shule za Tanzania wana bahati zaidi, kwa kuwa likizo ya Juni inaangukia wakati mzuri: mvua imekwisha na umati haujafika. Ila bahari ya mwanzoni mwa Juni ni ya baridi kwa mtoto aliyezoea maji ya Mombasa au Unguja. Ataingia, atapiga kelele, atatoka, kisha atarudi. Bahari huwa na joto zuri kuanzia katikati ya Julai hadi Oktoba. Desemba ni ya kutembea mijini na kula, si ya kuogelea.

Tofauti ya saa haiwasumbui watoto: Malta iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Kinachosumbua ni jua. Juni linazama baada ya saa mbili usiku, na mtoto aliyezaliwa karibu na ikweta hakubali kwamba ni wakati wa kulala huku nje kunang'aa. Msishindane naye. Wamalta wenyewe huwaacha watoto wacheze viwanjani hadi usiku, na usingizi wa mchana unafidia.

Malta imo katika eneo la Schengen tangu 2007 na inatumia euro tangu 2008. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza, hata kama anaishi Uingereza. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen haihitaji. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kila msafiri, mtoto akiwemo, awe na bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30,000. Malta haina ubalozi kila mahali, kwa hiyo ulizeni mapema maombi yake yanapokelewa wapi nchini mwenu. Maombi yanaweza kuwasilishwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Tumieni nafasi hiyo. Andaeni vyeti vya kuzaliwa, na kama mzazi mmoja hasafiri, idhini yake ya maandishi. Karatasi hii ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo ombi la mtoto linakwama. Kwa ndege, njia za kawaida ni kupitia Istanbul au Dubai.

Mahali pa kukaa panaamua likizo nzima. Mkiwa na watoto wadogo, kaeni Mellieħa, kaskazini. Ghuba yake, ambayo wenyeji huiita Għadira, ndiyo yenye ufukwe mrefu kuliko zote nchini, na maji yake ni ya kina kifupi hadi mbali. Wenye watoto wakubwa wanaweza kukaa Sliema, karibu na maduka na boti ya kuvuka kwenda Valletta, lakini huko pwani ni mawe tupu yenye ngazi za chuma za kushukia majini. Kwa familia, Paceville ni mtaa wa kuepukwa: ni wa vilabu vya usiku na hakuna atakayelala. Nyumba ya kupanga yenye jiko inafaa kuliko chumba cha hoteli, kwa sababu mtoto akikataa chakula cha kigeni unaweza kumpikia wali wake.

Sasa bahari yenyewe, na hapa mtu wa pwani ya Uswahilini asijidanganye kwamba anaijua. Mediterania haina bamvua. Maji hupanda na kushuka kwa sentimita chache tu, kwa hiyo hakuna ufukwe mpana unaoachwa wazi watoto waokote kombe. Panapoonekana pana kina asubuhi, pana kina jioni, na kwenye miamba hatua moja inaweza kumpeleka mtoto kwenye maji yanayomzidi kimo. Wavalisheni maboya na viatu vya plastiki, kwa kuwa mawe yanakata na viumbe wenye miiba hujificha katika nyufa.

Jifunzeni pia upepo, kama mababu walivyoishi kwa kaskazi na kusi. Upepo wa kaskazini-magharibi, *majjistral*, ukivuma, Golden Bay na Għajn Tuffieħa huwa na mawimbi na mkondo unaovuta watu nje. Siku hiyo nendeni upande wa mashariki. Ukivuma wa kaskazini-mashariki, *grigal*, Mellieħa ndiyo inayochafuka, nanyi mgeukie magharibi. Kila asubuhi tazameni upepo kwanza, kisha mchague ufukwe. Kiangazi fukwe kubwa zina waokoaji na bendera: nyekundu ni hatari, zambarau ni konyeza. Konyeza wa huko wanauma hasa, na mtoto aliyeumwa aoshwe kwa maji ya bahari, si maji baridi ya bomba.

Valletta ina miteremko na ngazi, na kigari cha mtoto kitawatesa. Mwenye mtoto mchanga achukue mbeleko. Hakuna chombo kinachoishinda katika mitaa ile. Fikeni bustani ya Upper Barrakka kabla ya saa sita mchana, mzinga upigwe watoto wakiona bandari yote chini yao (hupigwa tena saa kumi). Kisha shukeni kwa lifti ya mita 58 hadi kwenye maji mkapande boti ya kuvuka bandari. Hilo linatosha siku nzima. Ng'ambo ya pili, Kalkara, kuna Esplora, jumba la sayansi lililofunguliwa 2016 ambako watoto wanaruhusiwa kugusa kila kitu. Liwekeni akiba kwa siku ya upepo au mvua.

Mahekalu ya Ħaġar Qim na Mnajdra yalijengwa kabla ya piramidi za Misri, na mtoto wa miaka 8 anaweza kuusikia uzito wa jambo hilo akisimama mbele ya mawe yale. Nendeni yanapofunguliwa asubuhi. Hypogeum, makaburi yaliyochongwa chini ya ardhi, huingiza watu 10 tu kwa zamu, tiketi huisha wiki nyingi kabla, na watoto chini ya miaka 6 hawaruhusiwi. Blue Lagoon ya Comino ninaiweka mwisho: rangi ya maji ni ya ajabu, lakini kivuli hakuna na nafasi ni ndogo. Tangu 2025 wageni hujiandikisha mtandaoni kabla ya kwenda. Chagueni zamu ya asubuhi.

Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, magari hupita kushoto, na plagi za umeme ni zilezile za pini tatu za kwetu. Mabasi yanafika karibu kila mahali ila hujaa kiangazi. Kwa siku za mahekalu na fukwe za magharibi kodini gari, na mdai kiti cha mtoto wakati wa kuweka nafasi. Maji ya bomba ni salama ingawa yana ladha ya chumvi. *Pastizzi*, vitafunio vya tabaka nyingi vilivyojazwa jibini au njegere, ni rahisi na watoto huvipenda. Waislamu waulize kwanza mafuta yaliyotumika, kwani mengine ni ya nguruwe. Msikiti uko Paola. Sikukuu za vijiji, *festa*, hujaza wikendi za kiangazi kwa bendi na fataki. Watoto wakubwa hawatazisahau, lakini mizinga yake huanza asubuhi na humtisha mtoto mchanga. Kwa dharura yoyote pigeni 112.

Mkiwa na siku kumi, nne zipeni Gozo. Feri kutoka Ċirkewwa huchukua dakika 25 hivi, na nauli hulipwa wakati wa kurudi, kwa hiyo msishangae kuvuka bila kudaiwa. Kule kuna nyumba za mawe za kupanga zenye bwawa, mchanga mwekundu wa Ramla, mashamba ya chumvi ya Xwejni, na barabara tulivu kuliko za kisiwa kikuu. Kwa familia yenye watoto walio chini ya miaka 7, Gozo ndiyo sehemu bora ya Malta, na mkilazimika kupunguza siku, zipunguzeni za kisiwa kikuu.