SOMO: BOKSI LA SPIKA NA TUNDU LAKE

Ndugu wanakikundi, mteja akiwaletea spika ya besi ya gari mumtengenezee boksi, ameweka pesa zake mikononi mwenu. Boksi likiharibika, mbao zimepotea na mteja harudi tena. Kwa hivyo tujifunze kupima.

Kwanza, fanyeni jaribio. Puliza hewa juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda. Inanguruma, sivyo? Tia maji, puliza tena: sauti inapanda, maana hewa ya ndani imepungua. Boksi lenye tundu hufanya kazi namna hiyo hiyo.

Tuchukue mfano. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30 kwa nje, utadhani lina lita 60. Lakini mbao za milimita 18 hula nafasi kila upande. Ndani hubaki lita 44 na nusu hivi. Ondoa nafasi ya spika na paipu, zinabaki karibu lita 40. Tukitia paipu moja yenye upana wa sentimita 10 na urefu wa 30, boksi litanguruma kwenye mitetemo kama 40 kwa sekunde. Ukifupisha paipu, mngurumo unapanda.

Sasa tundu tuliweke wapi? Wimbi la besi hiyo lina urefu wa mita 8 na zaidi, kushinda gari lenyewe. Kwa hivyo tundu likiwa mbele ya boksi au ubavuni, si neno kubwa. Neno kubwa ni nafasi ya kupumua:

1. Mwisho wa paipu ndani ya boksi uwe mbali na ubao kwa sentimita 10 au zaidi, yaani upana wa paipu yenyewe.
2. Nje pia, tundu lisibanwe na bodi ya gari wala mizigo. Likibanwa, mlio hubadilika na hewa hupiga kelele.
3. Zibeni kila ufa kwa gundi.
4. Kabla ya kulifunga, lisogezeni boksi mbele na nyuma ndani ya buti huku mkisikiliza. Kisha lifungeni imara, maana gari likigonga, boksi zito huruka likaumiza watu.

Maswali ya kikundi: Je, huwa tunapima ndani au nje? Boksi letu la mwisho lilibaki na lita ngapi?