Bondo la Omukama: Mafunzo Sita Niliyopata kwa Samaki Mmoja

Huku Kanda ya Ziwa ukitaja bondo, watu wanawaza pesa. Ni ule mfuko wa hewa ulio ndani ya sangara, unaokaushwa na kusafirishwa hadi China, ambako hupikwa supu ya heshima. Mimi nililijua bondo kwa upande mwingine, sebuleni kwangu Nyakasimbi, Karagwe, kwa samaki asiyefikia urefu wa kidole changu.

Alikuwa beta, samaki mpiganaji mwenye asili ya Thailand, wa rangi ya buluu, mapezi yakiburuzika kama kanzu. Nilimnunua Mwanza, nikampakata kwenye mfuko wa plastiki hadi Karagwe. Wanangu wakamwita Omukama, cheo cha watawala wetu wa zamani. Asubuhi moja ya Julai binti yangu akaja mbio: “Baba, Omukama amelewa!” Nikamkuta amelala ubavu juu ya maji. Akijisukuma kwenda chini anafika nusu, kisha anaibuka kama kizibo. Tumbo lilikuwa limetuna.

1. Bondo linaweza kusingiziwa

Bondo ndilo linalomwezesha samaki kutulia kwenye kina anachotaka bila kupiga mapezi muda wote. Limekaa chini ya uti wa mgongo, jirani kabisa na utumbo. Utumbo ukijaa na kuziba, unalibana, na samaki anapoteza mizani. Maambukizi, jeraha au maumbile pia huweza kuliharibu. Beta waliozalishwa kwa ajili ya urembo, hasa wenye mwili mfupi, husumbuka zaidi. Lakini mwenye tumbo lililotuna na hamu ya kula, anza kumkagua tumboni.

2. Baridi yetu si ya kudharau

Sisi tunajifunika blanketi mbili mwezi wa Julai. Samaki hana hata shuka. Nilipotumbukiza kipimajoto alfajiri kilisoma nyuzi 19, na beta anataka kati ya 24 na 28. Joto la mwili wake ni lile la maji, kwa hiyo maji yakipoa, hata kusaga chakula kunazorota. Nilinunua hita ndogo nikapandisha joto polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku, maana kupandisha kwa pupa nako ni kumtesa. Umeme ukikatika, nazungushia tangi blanketi na kuacha wazi sehemu ya juu.

3. Mapenzi yanaweza kuvimbisha

Nilipofanya uchunguzi wa nyumbani, niligundua Omukama alikuwa na wapishi watatu: mimi asubuhi, mama watoto mchana, na watoto kila walipomwonea huruma. Zile punje kavu hunywa maji na kuvimba. Mzungu Speke, aliyefika ikulu ya Omukama Rumanyika hapa Karagwe mwaka 1861, aliandika kuhusu wanawake walionenepeshwa kwa maziwa hadi wakashindwa kusimama. Nasi tulikuwa tumeirudisha desturi ile ndani ya kioo.

Dawa ya kwanza ikawa njaa: siku tatu bila chakula. Samaki mzima mwenye afya huzimudu bila shida. Waliolia ni watoto.

4. Usikimbilie kapsuli

Muuzaji mmoja wa dawa za mifugo alinishauri nimwage antibiotiki ya kuku kwenye tangi. Nilikuwa nimeshaishika mkononi. Kumbe antibiotiki haizibui utumbo, na inaweza kuua bakteria wema wanaoondoa sumu ya amonia majini. Nikairudisha kabatini. Njegere ya kuchemsha pia niliiacha. Hiyo humfaa samaki wa dhahabu anayekula majani, ilhali beta ni mla wadudu.

Kilichosaidia ni chumvi ya Epsom, ambayo si chumvi ya mboga: kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne za maji yenye joto lilelile, kwenye chombo cha pembeni, dakika kumi tu, nami nimekaa hapo hapo nikimtazama.

5. Mgonjwa asipandishwe ngazi

Beta ana kiungo karibu na matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kama kambare wetu. Asipofika juu, yuko hatarini. Nilipunguza maji hadi kina cha kiganja changu, nikapunguza nguvu ya chujio, nikaegesha kipande cha jani la mgomba lililooshwa vizuri karibu na uso wa maji. Akapanda juu yake, akajilaza kama mtu aliyepata kitanda wodini. Kila siku ya pili nilibadilisha robo ya maji.

6. Tazama kinyesi, na tazama magamba

Siku ya nne jioni uzi mweusi wa kinyesi ulining'inia chini ya tumbo lake. Nyumba nzima ilishangilia. Kesho yake aligusa mchanga wa chini na kubaki huko kwa hiari yake. Chakula cha kwanza kilikuwa viluwiluwi vitatu vya mbu kutoka kwenye ndoo ya maji ya mvua. Lakini magamba yangesimama mwili mzima, lingekuwa jambo lingine: huo ni mwili kujaa maji, na wengi hawaponi.

Mzee jirani yangu, aliyewahi kufanya biashara ya mabondo, alikuja kumtazama mgonjwa. Akainama, akacheka: “Hili lako, mwanangu, hata mzani hauwezi kulihisi.” Ni kweli. Omukama bado huinamia kushoto kidogo akichoka. Binti yangu humpa punje mbili asubuhi na mbili jioni, zilizolowekwa kwanza, kisha hugeuza kibao alichokitengeneza kwa boksi la sabuni. Upande mmoja kimeandikwa BADO. Upande wa pili: AMESHAKULA, BABA.