Usubi wa Mtoni na Siri ya Kaa

Nzi, mbu na usubi hupita katika hali nne za maisha: yai, buu, pupa, na mwisho mdudu kamili mwenye mabawa. Wasomaji wa Gesima na Gusii nzima yafaa wajue habari za usubi mmoja, ambaye zamani aliwatia watu upofu katika mabonde ya Nyanza.

Mbu hutaga katika maji yaliyotuama, lakini usubi hupenda mito iendayo kasi. Jike peke yake ndiye aumaye, kwa kuwa huhitaji damu ili kukuza mayai yake. Amwumapo mgonjwa hufyonza vijidudu vya minyoo, na baadaye humwambukiza mtu mwingine. Vijidudu hivyo huwasha ngozi, na vikiingia machoni huweza kupofusha.

Mabuu wa usubi huyo, aitwaye kitaalamu Simulium neavei, walitafutwa sana juu ya mawe na majani ya mtoni wasionekane. Hata hivyo, mwaka 1946 wataalamu Garnham na McMahon walitia dawa ya DDT katika mito ya bonde la Kodera, karibu na Oyugis, na usubi wakatoweka. Siri yenyewe ilifichuliwa mwaka 1950 na Van Someren na McMahon: mabuu na pupa hukaa juu ya mwili wa kaa wa mtoni!

Buu hujishikiza kwa nyuzi kama hariri, akinasa chembe za chakula zipitazo majini. Kisha hujifumia kifuko na kuwa pupa. Pupa hali chakula, na dawa haimdhuru. Kwa hiyo ilipasa kutiwa tena na tena.

Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, usubi huyo alikuwa ameondoshwa katika mito ya Nyanza. Minyoo huweza kuishi mwilini zaidi ya miaka 10, lakini usubi asiporudi, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Leo haifai kumwaga DDT mitoni, maana huua samaki na viumbe vingine. Lakini funzo limebaki. Afukuzaye nzi mezani hajamaliza kazi: buu wake yumo katika samadi na takataka. Basi fukieni taka, funikeni vyoo, na mwageni maji yaliyotuama katika makopo. Mdudu hushindwa pale alelewapo.